Hewa Imepona, Udongo Bado

Hotuba kwa maofisa misitu na wanafunzi wa misitu, Siku ya Udongo Duniani

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu mlioketi mbele, maofisa misitu mliosafiri usiku kucha, na nyie vijana mliobanana kule nyuma kwa sababu viti havikutosha: wazee shikamooni, wengine hamjambo?

Ratiba inasema nizungumzie athari za uchafuzi wa hewa kwenye misitu. Kwa ruhusa ya mwenyekiti, hewa yenyewe nitaiacha mapema. Wengi wakiitaja mvua ya asidi hutazama juu: wanatazama bomba la moshi, wingu, kisha majani yaliyokauka. Mimi naomba tutazame chini, kwenye sentimita thelathini za mwanzo za udongo, maana hesabu yote iko pale.

Mvua haijawahi kuwa maji matupu. Hata ile inayonyesha katikati ya bahari, mbali na kiwanda chochote, huyeyusha hewa ya kabonidioksaidi na kuwa na uasidi kidogo. Kwenye kipimo cha pH hukaa karibu na 5.6. Kipimo hicho huwadanganya wasiokizoea. Ukishuka namba moja, uasidi umeongezeka mara kumi. Mvua ya 4 ni kali mara kumi kuliko mvua ya 5, na watu wanaosema "tofauti ni ndogo tu" ndio wanaotuchelewesha kwenye vikao.

Kinachoishusha namba hiyo ni moshi wa makaa ya mawe na wa mitambo ya kuyeyushia madini, wenye salfa, na moshi wa magari, wenye naitrojeni. Gesi hizo zikikutana na unyevu wa mawingu hugeuka asidi ya salfa na asidi ya naitriki. Mkemia Robert Angus Smith aliliona jambo hili Manchester, Uingereza, katikati ya karne ya 19, na kitabu chake cha mwaka 1872 ndicho kilicholipa jina la mvua ya asidi. Alisikilizwa kidogo. Majirani wa viwanda walipozidi kulalamika, wenye viwanda walikuja na dawa rahisi: kurefusha bomba. Kule Sudbury, Canada, mwaka 1972 lilikamilika bomba la mita 381 kwenye mtambo wa kuyeyushia nikeli. Mji ulipumua vizuri zaidi, na moshi ukaenda kwa watu ambao hawakuwa na habari nao.

Sasa twendeni New Hampshire, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kwenye msitu wa utafiti uitwao Hubbard Brook. Nauchagua kwa sababu ndipo mahali ninapopaamini zaidi kwa vipimo. Msitu ule una vibonde vidogo vilivyokaa kando kwa kando, kila kimoja na kijito chake, na chini yake kuna mwamba usiopitisha maji kirahisi. Maana yake ni kwamba maji yanayoingia kwa mvua, ukiondoa yanayorudi hewani, hutoka kwa kijito. Mdomoni mwa kila kijito wamejenga ukuta wa zege wenye mkato wa V, maji yote yanapita hapo na kupimwa. Juu wana vyombo vya kukinga mvua. Kinachoingia kinajulikana, kinachotoka kinajulikana. Mwaka 1963 Gene Likens na Herbert Bormann, pamoja na wenzao, walianza hesabu hiyo, na Julai mwaka huo huo sampuli ya kwanza ya mvua ikasoma pH 3.7. Hesabuni wenyewe: ni karibu mara themanini ya uasidi wa mvua safi, katika msitu wa milimani ambao hauna kiwanda jirani. Moshi ulikuwa umesafiri mamia ya kilomita kutoka kwenye mitambo ya umeme ya magharibi.

Lakini nilisema hewa nitaiacha, naiacha hapo.

Asidi ikifika udongoni inafanya nini? Chembe za mfinyanzi na mboji zina chaji hasi. Kalsiamu, magnesiamu na potasiamu zina chaji chanya, kwa hiyo hukaa juu ya chembe hizo, na mizizi huzichukua hapo kidogo kidogo. Fikirieni daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni. Viti vimejaa, kalsiamu amekaa na mzigo wake wa heshima. Anapanda kijana haidrojeni, aliyeletwa na asidi, mdogo, mwepesi, anasukuma, anakaa yeye. Kalsiamu amesimama mlangoni. Huenda angepata kiti tena mbele ya safari, ila salfeti, zao la asidi ya salfa, aliyekuja na mvua ile ile, anamshika mkono na wanateremka wote wawili hadi kwenye kijito. Hilo la salfeti nawaomba wanafunzi mliandike, kwa sababu mtihani haulipendi lakini msitu unaliishi: kalsiamu haiondoki peke yake, lazima kitu chenye chaji hasi kiisindikize, na mvua ya asidi inakuja na msindikizaji wake.

Jiwe la chini huleta kalsiamu mpya kwa kuchakaa, ila mwendo wake ni wa karne. Mvua chafu hutoa kwa mwendo wa miaka.

Kalsiamu ikishapungua, na pH ya udongo ikashuka chini ya 5, anaamka mtu mwingine kabisa: aluminiamu. Udongo karibu wote duniani umejaa aluminiamu, lakini imefungwa ndani ya madini, haimdhuru mtu. Uasidi ukizidi huyeyuka. Ikiyeyuka hushambulia ncha za mizizi midogo, ile myeupe myembamba inayofanya kazi ya kunywa, na kuziba njia ambayo kalsiamu ingepitia. Bernhard Ulrich wa Göttingen, Ujerumani, aliyepima misitu ya Solling tangu miaka ya 1960, ndiye aliyesimama na hoja hii ya aluminiamu. Ikiingia kwenye kijito, aluminiamu hiyo hiyo huwaziba samaki matamvua. Hivyo ziwa la Norway linaweza kuwa na maji maangavu ya kupendeza na lisiwe na samaki hata mmoja.

Niwape picha moja ya karibu, ambayo huwa nawasimulia hata watoto. Uholanzi kuna misitu iliyoota kwenye udongo wa kichanga uliokuwa maskini wa kalsiamu tangu mwanzo, ikanyeshewa asidi kwa miaka mingi. Ndege mdogo anayeitwa kitaalamu Parus major, wa ukubwa wa shomoro, akaanza kutaga mayai yenye maganda membamba, mengine yakipasuka chini ya mama, viota vingine vikibaki na ndege aliyelalia kitu kisichokuwepo. Watafiti walihangaika kwanza na sumu. Haikuwa sumu. Walikuwa konokono. Ndege huyo hula maganda ya konokono ili apate kalsiamu ya mayai yake, na konokono walikuwa wamepungua kwa sababu udongo haukuwa tena na kalsiamu ya kujengea nyumba zao. Kilichonifurahisha ni ndege waliosalimika: wale waliokaa karibu na mashamba waliokota chembe za chokaa walizowekewa kuku, na wengine walidonoa maganda ya mayai ya kuku yaliyoachwa na watu waliokwenda kupumzika msituni siku za mapumziko. Mtu aliyepita pale na kumwona ndege mzima kwenye kiota kizima angeandika kwenye ripoti yake kwamba msitu uko salama.

Ndiyo maana sina imani na tathmini ya majani peke yake. Ujerumani, mwaka 1981, magazeti yalitangaza kwamba misitu inakufa, na wengine wakasema haitavuka miaka michache. Haikufa. Katika milima ya mpakani mwa Czech, Poland na Ujerumani Mashariki ya wakati ule miti ilikufa kweli, milima mizima ikabaki vigogo, lakini sehemu nyingine misitu iliendelea kusimama. Wananchi wengi wakahitimisha kwamba wanasayansi waliwapigia kelele bure. Mimi nasema kosa lilikuwa kuufanya umanjano wa majani kuwa ushahidi mkuu. Majani huumwa na ukame, na wadudu, na baridi, kisha hupona. Udongo uliopungukiwa kalsiamu hauponi kwa kuwa tu gazeti limebadilisha habari.

Turudi Hubbard Brook. Novemba 1990 Rais George H. W. Bush alisaini marekebisho ya sheria ya hewa safi. Mitambo ya umeme ikawekewa kikomo cha salfa, na mwenye kupunguza zaidi ya sehemu yake aliruhusiwa kumuuzia mwenzake nafasi iliyobaki. Ilifanya kazi kuliko wengi walivyotarajia. Salfa ya mitambo ya umeme ya Marekani leo imepungua kwa zaidi ya asilimia 90 ukilinganisha na mwaka ule, na mvua ya New Hampshire ni safi mara nyingi kuliko ile ya 1963. Nawapongeza, bila kejeli. Ni mmoja wa mifano michache ya sheria ya mazingira unayoweza kuionyesha kwa namba.

Sasa sikilizeni. Mwaka 1996 Likens, Charles Driscoll na Donald Buso walichapisha hesabu ya vijito vyao, na hesabu haikukaa walivyotegemea. Mvua ilikuwa inapona tangu miaka ya 1970, lakini kijito kilikuwa kinasuasua nyuma yake. Walipotafuta sababu waligundua kwamba sehemu kubwa ya kalsiamu iliyokuwa akiba ya udongo, pengine nusu, ilikuwa imeshaondoka. Msitu wenyewe ulikuwa karibu umeacha kuongeza uzito tangu miaka ya 1980. Na jambo la ajabu: kwa kuwa viwanda vilikuwa vimedhibiti pia vumbi lao, ambalo lilikuwa na kalsiamu kiasi, mvua mpya ilikuwa safi lakini haikurudisha kitu.

Wakaamua kujaribu. Oktoba 1999 helikopta iliruka juu ya kibonde kimoja cha hekta 11.8 na kumwaga punje za wolastoniti, jiwe lenye kalsiamu na silika, zaidi ya tani 40. Kiasi hicho kilipimwa makusudi: kurudisha takriban kile ambacho mvua ya asidi iliondoa. Kisha wakasubiri, jambo ambalo wafadhili wetu hawalipendi. Kuna mti unaoitwa mepo ya sukari, ambao wenyeji wa kule hugema utomvu wake wakauchemsha kuwa asali ya mti. Mti huo unapenda kalsiamu kuliko jirani zake. Ulianza kurudi: miche ikawa mingi, kuvu rafiki wa mizizi wakaongezeka. Spurusi nyekundu, jamaa ya misonobari, ilipita majira ya baridi kali ya 2003 bila sindano zake kuungua kama za kibonde jirani, kwa sababu kalsiamu ndiyo inayolinda utando wa seli dhidi ya baridi. Baada ya miaka kumi na mitano, kibonde kilichowekewa kalsiamu kilikuwa kimetengeneza mbao asilimia 21 zaidi ya kile kisichoguswa.

Mngetaka niishie hapo, maana hapo pana makofi. Lakini kijito cha kibonde hicho kilianza baadaye kutoa naitreti, umbo la naitrojeni linaloyeyuka majini, kwa wingi usiozoeleka. Inaonekana udongo uliporudi uhai, vijidudu vyake vilianza kula mboji iliyokuwa imelala miaka yote ya asidi, na naitrojeni iliyokuwa imefungwa humo ikapata mlango. Wenye kusema "tumwage chokaa, biashara imekwisha" wakumbuke kijito hicho.

Nadhani kuna mtu atauliza: mzee, haya ni ya wazungu na makaa yao ya mawe, sisi yanatuhusu nini?

Twende basi Lubumbashi, Katanga, kusini mwa Congo, kwa watu wanaozungumza Kiswahili hiki hiki, ingawa wao watasema tunakizungumza vibaya. Mwaka 1911 pale ulianza kazi mtambo wa kuyeyushia shaba, na bomba lake pamoja na kilima cheusi cha mabaki vimekuwa alama ya mji hadi leo. Sehemu ya shaba ya Katanga hutoka na salfa. Upepo wa kule mara nyingi huvuma kutoka kusini-mashariki, kwa hiyo moshi ulilala upande wa kaskazini-magharibi mwaka hadi mwaka, na mitaa kama Penga Penga ikapokea asidi pamoja na vumbi la shaba, risasi, zinki na kadmiamu. Miombo ikatoweka. Udongo ukabaki wazi, ukasombwa na mvua. Asidi na metali ni ndoa mbaya, kwa sababu uasidi ndio unaoifanya shaba iyeyuke na kuingia kwenye mzizi. Mtambo ulipolegea miaka ya 1990 moshi ulipungua sana, lakini miti haikurudi yenyewe. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamekuwa wakijaribu kuweka chokaa na mboji, kisha kupanda kwanza nyasi zinazovumilia shaba, kama Microchloa altera, ili angalau vumbi lishikwe chini lisiingie kwenye vifua vya watoto. Ni hewa imepona, udongo bado, nyumbani kwetu.

Na mkivuka hadi Goma, mashariki mwa Congo, mtaona kinyume chake. Mlima wa volkano wa Nyiragongo, wenye ziwa la lava lililochemka hadi mlipuko wa Mei 2021, ulikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya salfa duniani, bila kiwanda wala bomba. Vijiji vilivyo upande wa magharibi, ambako upepo hupeleka moshi, vinaijua mvua ya asidi: maharage yanaungua majani, mabati yanaliwa, na maji ya mvua wanayokinga kwa kunywa hayafai. Lakini chini ya miguu yao kuna udongo mpya wa volkano, ambao lava yake imejaa kalsiamu na potasiamu. Asidi ikitoa, jiwe linarudisha, na linarudisha haraka. Majani ya Goma huteseka kuliko ya Lubumbashi; udongo wa Lubumbashi huteseka kuliko wa Goma. Mtu akikuuliza mvua hii ina madhara gani, mwulize kwanza inanyeshea udongo gani.

Wetu, sehemu kubwa ya nyanda za miombo, ni kama wa Katanga: mzee, umeoshwa na mvua kwa muda usiohesabika, viti vyake ni vichache tangu mwanzo. Una oksidi nyingi za chuma na aluminiamu zinazoweza kuishika salfeti kwa muda, kwa hiyo kuumia kwake huchelewa kuonekana. Kupona kwake pia huchelewa, kwa sababu salfeti iliyoshikwa huachiwa polepole hata baada ya mvua kuwa safi. Akiba ya kalsiamu ya miombo mara nyingi iko kwenye vichuguu. Vile vichuguu vikubwa vya Katanga vina chokaa ndani yake, na wakulima wanaotawanya udongo wa kichuguu shambani wanajua wanachofanya, hata kama hawajawahi kushika kipima pH. Ofisa misitu anayeruhusu vichuguu vyote vichimbwe kwa ajili ya matofali afikirie mara mbili.

Moshi si njia pekee ya kumteremsha kalsiamu. Shoka ni njia nyingine. Sehemu kubwa ya kalsiamu ya mti iko kwenye magome na matawi, si kwenye ubao. Pale Mufindi, na kwenye mashamba yote ya misonobari na mikaratusi tunayovuna na kupanda tena, gogo likitoka na magome yake, limetoka na akiba. Yakiambuliwa pale pale lilipoangukia na kuachwa yaoze, yanabaki kazini. Najua wenye viwanda hupenda kuambulia magome kiwandani, na najua mabaki hayo huchomwa kwenye tanuri kukaushia mbao. Basi angalau majivu yarudi msituni, badala ya kumwagwa kandokando ya barabara kama nilivyoona mara nyingi.

Kuhusu chokaa, niliulizwa asubuhi wakati wa chai kama tuanze kuweka misituni kama Wajerumani, ambao humwaga takriban tani tatu kwa hekta kutoka kwenye helikopta. Jibu langu ni hapana, si kabla ya kupima. Msitu wa asili wa miombo umezoea udongo wenye uasidi. Kuusukuma juu kwa nguvu ni kualika mimea mingine. Kwenye eneo lililoharibiwa na mtambo ni habari nyingine, pale chokaa ni matibabu.

Na hapo kwenye kupima ndipo tulipo maskini. Kule Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo cha Uingereza, kuna kabati zenye udongo mkavu ndani ya chupa za kioo tangu karne ya 19. Kwa chupa hizo waliweza kuonyesha kwamba kipande cha shamba kilichoachwa kiwe msitu kiliporomoka kutoka pH karibu na 7 hadi karibu na 4 katika muda wa miaka mia moja. Hawakuhitaji kukisia, walifungua chupa. Sisi tunapima, tunaandika ripoti, kisha tunamwaga sampuli kwa sababu stoo imejaa. Mtaalamu wa mwaka 2070 hatataka ripoti zetu. Atataka udongo wetu.

Kwa hiyo kila kituo kinachowakilishwa hapa leo kitapewa mifuko na fomu. Ziko mezani kwa katibu. Chagueni mahali pamoja ambapo hapatavunwa. Ondoeni majani makavu, chukueni sentimita kumi za juu, halafu kumi hadi thelathini kwenye mfuko wa pili, msichanganye. Anikeni kivulini, si juani. Andikeni tarehe na mahali kwa penseli, wino hufutika, na lebo moja iwe ndani ya mfuko, nyingine nje. Nusu ya kila mfuko itakwenda maabara. Nusu ya pili iwekwe kwenye chupa yake, ifungwe, iandikwe "usitupe", na ofisa anayehamishwa amkabidhi anayemfuata pamoja na funguo za ofisi.

Ndugu mwenyekiti, naona mnanionyesha saa. Ahsanteni sana kwa kunisikiliza, na mwenye swali anikute hapo nje kwenye foleni ya chakula.